Mudathiri Mfaume Ngwele na Maneno Yasiyofika Kwenye Televisheni

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Kibiti leo Ijumaa, tarehe 16 Julai 2004, haya ndiyo maisha ya Mudathiri Mfaume Ngwele, aliyetutoka alfajiri ya leo akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Kwa desturi yetu maiti haingojeshwi, wala hatuna mazoea ya kuandikiana karatasi. Lakini ndugu wa delta ya Rufiji hawawezi kutoka makwao mpaka maji yajae, kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa na kalamu, na duka la kuchapa la pale stendi limekubali kutoa nakala sitini kabla ya sala ya alasiri. Mwandishi ni mimi Muzdalifa, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, mwalimu mstaafu. Msomaji ni Mudrick, mwanawe mkubwa, kwa sababu sisi wanawake hatufiki makaburini. Sauti ni ya Mudrick, maneno ni yangu.

Niliseme mapema jambo lililoniweka hapa. Ndugu zetu wa Kiongoroni hawajakanyaga nyumba hii kwa miaka saba. Wanasema kaka yangu aliuza mto mbele ya televisheni. Mpaka naandika sijui kama watakuja kumzika. Wakija, nataka wasikie yote, na wasipokuja nitawapelekea nakala yao kwa mashua ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya karatasi hii; mengine nimeyaandika kwa heshima ya marehemu na kwa mapenzi.

Marehemu alizaliwa Salale, kijiji cha huko delta, tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Mfaume Ngwele na marehemu Bi Kijakazi. Tarehe hiyo ilitolewa na mwalimu aliyemwandikisha shule, ambaye hakupenda kuacha nafasi wazi kwenye daftari. Mama yetu mwenyewe alisema tu kwamba ilikuwa bamvua, maji yakaingia mpaka ndani, jungu likaelea, na yeye akajifungua juu ya kitanda huku analitazama likizunguka chumba polepole. Alikuwa akitusimulia hivyo tukiwa tumelala, na mimi nilikuwa naliona lile jungu mpaka usingizi unanichukua. Hata leo nikimfikiria kaka yangu namwona anatoka kwenye maji hayo akiwa mkavu, anacheka.

Alisoma Kurani Salale, akasoma na shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1957, kisha akaenda shule ya kati Utete na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Hakuwa wa kwanza darasani, na walimu walimpenda zaidi kuliko alivyostahili. Kijijini kwetu redio ilikuwa moja, ya mwenye duka. Kaka alikuwa anakaa chini ya dirisha la duka akisikiliza taarifa ya habari, kisha anakuja nyumbani mbio, anachukua kifuu cha nazi, anakiweka mdomoni na kuanza: "Hapa ni Salale. Kuku wa Bi Kijakazi amekanusha vikali habari kwamba anataga kwa jirani." Mama alikuwa anacheka mpaka anaweka mwiko chini. Baba hakucheka, lakini niligundua kwamba siku ambazo kaka hakusoma taarifa, baba alikuwa anauliza kwa nini nyumba imepoa.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa karani wa kivuko cha Ndundu. Kazi aliyopewa ilikuwa kukata tiketi za pantoni. Kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kusoma gazeti kwa sauti, kwa sababu pantoni lilikuwa likiharibika mara kwa mara, na watu walikuwa wanakaa mchangani kutwa nzima wakiutazama mto unavyopita. Kaka alipanda juu ya pipa akasoma habari za gazeti zote, na zilipokwisha alisoma za pale pale: bwana fulani amekwama na kitanda cha harusi ya mwanawe, mama fulani anarudi Kilwa na hajui kama mumewe bado anamngoja. Alizisoma zote kwa sauti ileile ya kiserikali. Nilimtembelea likizo moja nikakuta watu mia wamenyamaza, ukungu bado haujainuka majini, na sauti ya kaka inatokea mahali nisipopaona. Nilisimama pale nikasahau nilikuwa nataka kuvuka kwenda wapi.

Tarehe 8 Juni 1974 alimuoa Bi Sihaba binti Mohamedi wa Kiongoroni. Siku ya kupeleka posa maji yalikupwa kabla hawajafika, mtumbwi ukakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na wazee wetu wanne na kanzu zao wakabaki humo kuanzia adhuhuri mpaka maji yaliporudi. Mzee Mohamedi, baba yake Sihaba, aliwaona kutoka ukingoni, akaja na ubao wa kukanyagia tope ili awape maji ya kunywa. Alimkuta bwana harusi mtarajiwa anawasomea wazee taarifa ya habari ya kaa. Kaa walikuwa wanapinga ujio wa wageni bila barua. Mzee Mohamedi alisimama juu ya ubao wake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu mwacheni aje. Nyumba yangu haina mtu wa kuchekesha." Alimpenda mkwe wake tangu saa ile. Kwa miaka ishirini na mitatu kila bamvua alimpelekea kamba waliokaushwa, na kaka naye alimpelekea magazeti, ingawa yule mzee hasomi. Kaka na Sihaba walijaaliwa watoto watatu: Mudrick, Shamsia na Seleman.

Mwaka 1994 alipunguzwa kazi pamoja na wengi wengine, wakati mashirika yalipokuwa yanafungwa na kila kitu kinaachiwa soko. Ghafla vyama vikawa vingi, magazeti mengi, mitumba mingi, na Dar es Salaam ikawa na televisheni. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Kaka alihamia hapa Kibiti, kiinua mgongo chake akakimalizia kwenye televisheni moja na jenereta dogo, akajenga kibanda cha makuti karibu na stendi. Antena aliifunga kwenye mti mrefu wa mkoko ulioletwa kutoka Salale, mrefu kiasi kwamba mafundi watatu waliukataa. Hata hivyo picha zilikuja na chenga. Mtangazaji alionekana amekaa ndani ya mvua nyeupe, anakuja na kupotea, sauti inatangulia, uso unafuata. Sisi tuliozoea redio tulikaa kwenye mikeka tukimtazama yule mtu asiyelowa, na nakiri kwamba miezi ya kwanza sikusikia hata habari moja. Nilikuwa natazama tu.

Kaka yeye alisikia. Mwaka 1995, wakati wa kampeni, aligundua kwamba kituo tulichokipata kina mapenzi. Sitakitaja jina, maana hapa tumekuja kuzika. Mikutano ya chama kimoja ilipigwa picha kutoka juu, watu wamejaa kama mchele kwenye ungo. Mikutano ya vyama vingine ilipigwa kutoka nyuma ya kichwa cha mgombea, mbele yake viti vitupu. Kaka alimkabidhi saa yake ya mkono jirani yetu Bi Tabu, aliyekuwa mwanachama sugu wa chama kile kile kilichopendwa, awe anahesabu. Matokeo waliyaandika kwa chaki mlangoni kila siku. Jumatatu moja chama kimoja kilipata dakika sita, na vyama vingine vyote kwa pamoja dakika moja na nusu, na katika ile nusu mbuzi alikatiza mbele ya kamera. Bi Tabu, ambaye hakuwa na upendeleo inapofika kwenye hesabu, alisema kwa uchungu, "Hapana, hii haki haipo. Mbuzi mtoeni."

Ndipo kaka alipoanza mchezo wake. Taarifa ya habari ikianza, anapunguza sauti mpaka inakwisha kabisa, anasimama pembeni ya kioo na kusema yeye. Waziri anafungua kisima, midomo inakwenda, na kaka anasema kwa ile sauti ya kiserikali: "Kisima hiki nilikifungua pia mwaka juzi, na inshallah nitakifungua tena." Yule mbuzi naye alipewa hotuba: "Mimi ni mkazi wa hapa. Nimeombwa nipite, nimepita." Watu wa vyama vyote walikaa mkeka mmoja wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kushika miti. Afisa wetu wa wilaya, Bwana Badru Shaban, alikuwa akija na kukaa nyuma. Badru ni Mmatumbi, na ukoo wao na ukoo wetu sisi Wandengereko ni watani tangu enzi za babu zetu, kiasi kwamba katika misiba yetu wao ndio wanaolala mbele ya jeneza na kudai hawaoni maiti. Akitoka alikuwa anamwambia kaka, "Mtani, mie leo sikuwepo. Na kama nilikuwepo sikusikia. Na kama nilisikia, yule mbuzi alikuwa na haki."

Sasa nafika Jumamosi tarehe 13 Septemba 1997. Kulikuwa na kampuni iliyotaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba katika delta, na kwa ajili hiyo kukata mikoko na kuhamisha watu. Mkutano uliitishwa Salale. Wazee wa Salale walimwita kaka kutoka Kibiti awasemee, kwa sababu anajua kusema. Watu wa Kiongoroni walitumiwa habari, lakini siku ile yalikuwa maji mafu, yasiyojaa, mashua zao zilikwama, hawakufika hata mmoja. Bwana Badru alikuja na wageni wa kampuni, na pamoja nao dada mmoja mwandishi wa televisheni aitwaye Johari, na kijana mpiga picha amebeba kamera begani. Mimi nilikuwa likizo, na ndimi niliyekuwa nasimamia mapokezi ya wageni.

Badru alieleza mradi kwa kirefu, jasho linamtiririka, kila mtu akiona kwamba maneno yale amepewa. Kaka akasimama. Alimtazama mtani wake, na mimi nikajua kinachokuja. "Badru," alisema, "wewe mtu wa milimani, mbona unaomba kidogo hivyo? Chukua delta yote. Chukua kamba, chukua mikoko, chukua na nyumba ya marehemu mama yangu ulale humo. Sie tutahamia juu ya miti tukakae na tumbili, tena wao wana adabu kuliko ninyi Wamatumbi. Tumeshakupa! Beba!" Salale nzima ilipasuka kwa kicheko na makofi, vigelegele vikapigwa, na Badru mwenyewe alijifuta machozi kwa kicheko. Hakuna mtoto wa Kindengereko wala wa Kimatumbi ambaye angeuona ule kuwa ni mkataba. Kisha makofi yakaisha, na kaka akasema sehemu ya pili, ambayo nitaileta mahali pake.

Jumanne tarehe 16 tulikaa kwenye kibanda chake kuitazama. Siku ile kaka hakupunguza sauti. Alisema anataka kuisikia Salale inavyosikika kutoka mbali. Tuliona mikoko, tukaona maji yanameremeta ndani ya chenga, kijiji chetu kikaonekana kizuri kuliko nilivyowahi kukiona kwa macho, na moyo wangu ukajaa. Mtangazaji akasema wananchi wa delta ya Rufiji wameupokea mradi kwa shangwe. Kisha akatokea kaka. "Chukua delta yote. Tumeshakupa! Beba!" Makofi, vigelegele, Badru anafuta machozi. Ikafuata habari ya mpira. Mtu aliyetufundisha miaka miwili kutoiamini ile mashine alikuwa amesimama pembeni yake, mkono uko kwenye kitufe cha sauti.

Mnunuzi mmoja wa kamba aliirekodi taarifa ile Dar es Salaam kwenye kanda ya video, akaipeleka Kiongoroni pamoja na jenereta. Niliambiwa waliitazama mara nyingi, wakiirudisha nyuma na kuitazama tena, kwa sababu hawakuamini. Mzee Mohamedi aliitazama akiwa amesimama. Mwishoni alisema neno moja tu, kwamba yule si mkwe wake. Kamba waliokaushwa hawakuja tena. Sihaba alipokwenda kwao kwenye msiba wa mama yake mdogo alipokelewa, lakini mumewe alizuiwa gatini, akakaa ndani ya mashua siku mbili mpaka msiba ukaisha. Mradi wenyewe haukuja. Kelele zilikuwa nyingi, kampuni ikaondoka bila kuaga. Kiongoroni wakasema kaka aliuza, ila mnunuzi wa mto ndiye aliyekimbia.

Na jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba hata Salale walianza kuyumba. Walikuwepo, walisikia kwa masikio yao, lakini kanda ile ilipofika na wao wakaitazama mara tatu nne, ile siku yenyewe ikafifia na ile ya kwenye kioo ikabaki. Mtu na akili zake ananiambia, "Mwalimu, kwani alisema kitu kingine kweli?" Mambo tuliyoyaona kwa macho yanapotea hivyo, taratibu, na mtu hajui ni lini yamekwenda.

Kaka aliandika barua kumi na moja kwa kile kituo. Alikuwa anasema, "Wamenikata, Muzda. Wameniachia utani wakakata maneno." Mwaka 1999 alisafiri mwenyewe mpaka Dar es Salaam, akamngoja Johari nje ya ofisi yao tangu asubuhi. Johari alimheshimu, akamkalisha, akamnunulia soda. Akamwambia, "Baba, kile kichwa cha habari alikiandika mkubwa wangu na mie sikukipenda, nakuomba radhi. Ila kukukata hatukukukata. Mkanda uliishia pale. Niliutafuta mwenyewe, baada ya makofi kuna miguu ya watu na mchanga, kisha kamera imezimwa, basi." Kaka hakuamini. Alirudi akasema yule binti amefundishwa kusema uongo kwa upole.

Lakini kitu kimoja kilibadilika, na nakitaja kwa sifa yake. Hakupunguza tena sauti ya televisheni. Aliiacha taarifa iende mpaka mwisho, kila mtu aseme yake yote, hata waziri wa kisima, ndipo anasimama na kufanya mzaha wake. Watu walilalamika kwamba mchezo umekuwa mrefu. Akawajibu, "Na mie niliwaziba wengi midomo. Yule waziri huenda alikuwa anasema kitu." Sijui wanaume wangapi mnaowajua wanaoweza kusema hivyo mbele ya watu.

Kuanzia mwaka 2001 alisumbuliwa na sukari. Agosti mwaka jana, daraja jipya la Ndundu lilipofunguliwa, alitaka apelekwe. Tulimshika huku na huku akatembea mpaka katikati, akautazama mto chini pale pantoni lilipokuwa likipita, na magari yanapita nyuma yake bila kusimama. Alisema, "Sasa watu hawatapata muda wa kusikiliza chochote." Tangu Mei mwaka huu figo zilikataa, akalazwa wiki tatu, akaomba kurudi nyumbani. Siku za mwisho alikuwa anaelea tu. Alizungumza na mama, akauliza maji yamefika wapi, akasoma taarifa za habari za nchi ambazo sizijui, kwa sauti nzuri, pole, isiyotania. Mara anarudi kwetu, anauliza, "Mzee wa Kiongoroni kaja?" Sihaba anamwambia bado. Anasema, "Maji hayo," na kuondoka tena.

Mudrick mwanangu, kuanzia hapa usiruke hata neno. Nakujua una huruma, utataka kunisitiri mimi shangazi yako. Soma.

Johari hakusema uongo. Siku ile Salale nilikuwa mwenyeji, na wageni walikuwa wamesimama juani tangu walipofika bila kunywa kitu. Sisi hatumwachi mgeni anakauka mbele yetu. Makofi yalipokuwa yanapungua nilimwona yule kijana mpiga picha amelowa jasho, na nikamwendea na dafu lililokwisha kufuliwa. Akasema, "Asante mama, bado kidogo." Nikamwambia, "Kunywa baba, sie hapa mgeni akikataa tunaona katudharau." Ni kijana mwenye malezi. Hakutaka kunipokea kwa mkono mmoja. Akaishusha kamera kutoka begani, akaizima na kuiweka mchangani, akalipokea dafu kwa mikono miwili na kunywa lote. Alipokuwa anakunywa, nyuma yake kaka yangu alikuwa anasema maneno ya maana kuliko yote aliyowahi kusema maishani. Niliyasikia yote. Nilikuwa nimeshika sinia, nafurahi kwamba mgeni wetu amekunywa.

Nilijua tangu ile Jumanne. Niliposikia "Beba!" na kisha mpira, nililiona dafu. Nikanyamaza. Mwanzo niliona aibu, kisha alianza kuandika barua nikaogopa, kisha barua zikawa nyingi mno. Miaka saba alilaumu mkasi ambao haukuwepo, na mimi niliyebeba sinia nilikuwa namsaidia kubandika stempu. Kituo kilifanya kosa lake, lile neno la shangwe ni lao. Hili lingine ni langu.

Jumanne iliyopita nilimwambia. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamweleza, dafu, mikono miwili, mchanga. Alikuwa amefumba macho, nikadhani hayupo. Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Sihaba akaja mbio. "Basi Muzda," alisema, "miaka yote hii natafuta adui Dar es Salaam. Lilikuwa tamu?" Nikasema lilikuwa la Salale. Akasema, "Basi hakukosea kunywa." Baadaye, nilipokuwa namfunika, alinishika mkono. "Usiwaambie Kiongoroni. Watakuandama wewe. Mie nishazoea." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa akiwa na akili zake. Kaka, nisamehe, ni mara ya kwanza sikutii.

Haya ndiyo aliyoyasema Salale tarehe 13 Septemba 1997 baada ya makofi kwisha. Ninayaandika kama nilivyoyasikia, mbele ya Mungu na mbele ya Bwana Badru, aliyekuwepo, na ambaye leo yupo hapa nje tangu saa moja asubuhi na hajatania hata mara moja.

"Mtani, utani wangu umekwisha, sasa nisikilize. Mie Mudathiri mwana wa Mfaume sina mto wa kumpa mtu. Mto huu si wangu, na wala si wa Salale peke yake. Leo Kiongoroni hawapo hapa, maji yamewazuia, kwa hiyo mtu asiseme tumekubaliana. Kule nina mkwe ambaye akitoka asubuhi anarudi na chakula cha wanangu. Mkikata mikoko, yeye ndiye atakayeona kwanza, na mie nitamtazama na macho gani? Hatutaki. Andikeni hivyo hivyo. Hatutaki."

Marehemu ameacha mjane, Bi Sihaba binti Mohamedi. Ameacha watoto watatu, Mudrick, Shamsia na Seleman, na wajukuu watano. Ameacha mtani, Bwana Badru Shaban. Ameacha mkwe, Mzee Mohamedi wa Kiongoroni, ambaye marehemu hakuacha kumwita baba hata siku moja katika miaka hii saba. Na ameniacha mimi, dada yake, niliyempa mgeni dafu.

Mwenyezi Mungu, ambaye humsikiliza mja wake mpaka mwisho wa maneno yake, ampokee na ampumzishe kwa amani. Amin.